Mvua, Joto na Hesabu ya Vyura: Jinsi Tabianchi Inavyopandisha na Kushusha Idadi ya Amfibia

Mwaka 1987, katika msitu wa mawingu wa Monteverde nchini Costa Rica, mtafiti Martha Crump alihesabu mayai yapatayo 43,500 ya chura wa dhahabu katika madimbwi kumi madogo. Chura huyo hakupatikana mahali pengine popote duniani. Kila mwaka alijitokeza kwa majuma machache tu mvua zinapoanza, akazaliana, kisha akarudi mafichoni. Msimu huo vyura wakubwa zaidi ya 1,500 walionekana, na aliyewatazama wakigombania majike asingekuwa na sababu ya kuwa na wasiwasi. Lakini mvua ilisita, madimbwi yakakauka, mayai yakaharibika, na viluwiluwi waliofanikiwa kuishi zaidi ya juma moja walikuwa 29. Mwaka 1988 walionekana vyura kama kumi hivi, na mwaka 1989 dume mmoja peke yake. Hakuna aliyethibitishwa kuonekana tangu hapo, na mwaka 2004 chura wa dhahabu aliorodheshwa rasmi miongoni mwa viumbe waliotoweka duniani.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kana kwamba hakina utata: ukame ulikuja, chura akaisha. Ukikichunguza, hesabu yake haifungi. Kufa kwa mayai ya 1987 kungepunguza vyura wachanga wa mwaka huo, na pengo lao lingeonekana baada ya miaka kadhaa, pale ambapo wangekuwa wamepevuka na kuanza kuzaa. Hakuwezi kueleza kwa nini wazazi wao, waliokuwa wazima na wenye nguvu, hawakurudi madimbwini mwaka mmoja baadaye. Ama wakubwa wenyewe walikufa, ama walibaki mafichoni kwa sababu hali haikuwafaa, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa kwa mustakabali wa kundi lolote la wanyama. Fundo la mada hii liko hapo. Tabianchi haigusi idadi ya amfibia moja kwa moja. Humgusa yai, kiluwiluwi, mchanga aliyetoka majini na mzazi, kila mmoja kwa njia yake na kwa wakati wake, na idadi tunayoihesabu siku ya mwisho ni jumla ya yote yaliyotokea katika hatua hizo.

Amfibia, yaani vyura, salamanda na wale wasio na miguu wanaoishi udongoni, hutegemea maji kuliko karibu wanyama wengine wote wenye uti wa mgongo wanaoishi nchi kavu. Yai la chura halina gamba. Ni kiini kilichozungukwa na ute, na ute huo ukikauka mambo yamekwisha. Ngozi ya mkubwa hupitisha maji na hewa, kiasi kwamba chura hupumua kwa sehemu kupitia ngozi na hunywa kwa kukaa tu juu ya udongo wenye unyevu. Joto la mwili wake hufuata joto la mahali alipo. Kwa hiyo kupanda kwa joto kwa nyuzi chache, au kuchelewa kwa mvua kwa majuma mawili, si usumbufu mdogo kwake kama ulivyo kwa mnyama mwenye manyoya na damu moto.

Hata hivyo, kudhurika kwa mmoja mmoja hakumaanishi moja kwa moja kwamba idadi itashuka. Ili kundi libaki lilivyo, kila jike anatakiwa aache nyuma yake, katika maisha yake yote, jike mmoja tu atakayefika umri wa kuzaa. Chura anayetaga maelfu ya mayai kwa msimu anaweza kupoteza karibu yote na bado akawa amelipa deni hilo. Zaidi ya hapo, viluwiluwi waliojazana katika dimbwi moja hunyang'anyana chakula, na wengi wao hudumaa. Ukame wa mapema ukiua sehemu ya mayai, wale wanaobaki hupata nafasi, hunenepa, na hutoka majini wakiwa na afya nzuri zaidi. Hasara ya mwanzo hufidiwa kwa sehemu na faida ya baadaye. Ndiyo sababu watafiti waliounda hesabu za idadi ya vyura wamegundua, katika spishi nyingi, kwamba badiliko dogo katika uwezo wa wachanga na wakubwa kuishi nchi kavu hutikisa kundi zima kuliko badiliko kama hilo katika mayai. Macho yetu hukimbilia kwenye dimbwi lililokauka kwa sababu linaonekana. Kinachoendelea chini ya majani makavu na mashimoni hakionekani, na mara nyingi ndicho kinachoamua.

Fidia hiyo ina mpaka wake. Dimbwi likikauka kabla kiluwiluwi hata mmoja hajaota miguu, hakuna anayebaki wa kunufaika na nafasi iliyopatikana, na msimu mzima unakuwa umepotea. Kwa maana hiyo, kwa spishi zinazozaliana katika maji ya muda, swali si mvua ilinyesha milimita ngapi kwa mwaka, bali maji yalikaa siku ngapi mfululizo mahali pale. Mvua ile ile ya mwaka inaweza kushuka kwa manyunyu ya miezi miwili, nayo ikalea kizazi kizima, au ikamwagika kwa dhoruba tatu zenye jua kali katikati, ikalea mbu tu. Naona takwimu za jumla ya mvua za mwaka, ambazo ndizo huwekwa mbele katika mijadala mingi, zinapotosha sana katika jambo hili.

Maji yakianza kupungua na kupata joto, kiluwiluwi ana njia moja ya kujiokoa, nayo ni kuharakisha mabadiliko ya mwili. Joto humsaidia, kwa kuwa maji ya uvuguvugu huongeza kasi ya ukuaji wa viungo. Gharama yake ni umbo. Anayeharakisha hutoka majini akiwa mdogo kuliko ndugu yake aliyekaa kwenye dimbwi la baridi na lenye kina. Mchukue huyo mdogo siku ya kwanza nchi kavu: mkia haujaisha, mwili si mkubwa kuliko ukucha wa kidole, na eneo la ngozi yake ni kubwa mno likilinganishwa na maji yaliyomo mwilini. Saa chache za upepo mkavu zinatosha kumuua mahali ambapo mwenzake mkubwa angefika salama chini ya gogo. Akinusurika, huchelewa kupevuka, na akiwa jike hutaga mayai machache. Joto lililomwokoa dimbwini linamdai baadaye, na deni hilo huonekana katika idadi ya kundi miaka miwili au mitatu baada ya msimu wenyewe, wakati ambapo kila mtu amekwisha kusahau hali ya hewa ilivyokuwa.

Majira ya baridi yanaonyesha vizuri zaidi jinsi badiliko moja la tabianchi linavyoweza kuzaa matokeo yanayopingana. Katika jimbo la Dorset, kusini mwa Uingereza, kundi moja la vyura wa kawaida wa Ulaya lilifuatiliwa tangu 1983 hadi 2005. Katika kipindi hicho baridi ilipungua makali, na mtu angetarajia vyura wafurahie. Kinyume chake, majike walizidi kudhoofika, waliosalia hai kutoka mwaka hadi mwaka wakapungua, na mayai waliyotaga yakawa machache. Sababu iko katika namna chura anavyolala wakati wa baridi. Hali chochote, bali huishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini, na baridi kali hupunguza mwendo wa mwili mpaka matumizi yanakuwa madogo sana. Baridi ikiwa hafifu, mwili huendelea kuunguza mafuta hayo bure, mfano wa chemli iliyoachwa ikiwaka usiku kucha katika chumba kisicho na mtu. Masika yakifika, jike anakuwa hana akiba ya kutosha kutengeneza mayai.

Ukivuka bahari mpaka milima ya Bitterroot katika jimbo la Montana, Marekani, mambo yanageuka. Huko wanaishi vyura wenye madoa katika maziwa madogo ya mlimani, mahali ambapo theluji hukaa miezi mingi na muda wa kula na kukua ni mfupi mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba majira ya baridi yalipopungua ukali, vyura hao waliishi zaidi, majike wengi zaidi walizaa, na uwezekano wa kundi kudumu ukaongezeka. Hakuna mgongano kati ya matokeo haya mawili. Katika Dorset kilichokuwa haba ni akiba ya mwili. Katika Montana kilichokuwa haba ni muda. Joto lilipunguza cha kwanza na kuongeza cha pili. Anayeuliza kama joto ni zuri au baya kwa amfibia ameuliza swali lisilo na jibu mpaka aseme ni amfibia yupi, yuko wapi, na maisha yake yanabanwa na nini.

Uchambuzi mkubwa wa Amerika Kaskazini uliochapishwa mwaka 2018 ulithibitisha jambo hilo kwa upana. Uliunganisha zaidi ya kumbukumbu 500,000 za spishi 81 kutoka maeneo 86 ya utafiti, ukaonyesha kwamba jamii za amfibia huitikia mabadiliko ya hali ya hewa, hasa upatikanaji wa maji wakati wa kuzaliana na hali ya majira ya baridi, na kwamba mwitikio huo hutofautiana kati ya ukanda na ukanda, na kati ya spishi na spishi. Kisha ukafikia hitimisho ambalo wengi hawakulitarajia: mabadiliko ya tabianchi ya miaka ya karibuni hayakutosha kueleza kwa nini amfibia wa bara hilo wamepungua kwa kasi, ingawa yalieleza kwa nini spishi fulani zinapungua haraka kuliko nyingine. Ninaukubali uangalifu huo. Kusema kila chura aliyekufa ameuawa na tabianchi ni kuwapa nafasi wanaofyeka misitu na kukausha mabwawa kusingizia hewa.

Mshukiwa mwingine mkubwa ni kuvu ya kitridi, inayoshambulia ngozi ya amfibia na kuvuruga upitaji wa maji na chumvi mpaka moyo unasimama. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2019 yalitaja spishi 501 zilizopungua kwa sababu yake, 90 kati ya hizo zikidhaniwa kuwa zimetoweka. Wako wanaogawanyika makundi mawili, wa ugonjwa na wa tabianchi, kana kwamba mmoja akishinda mwingine ameshindwa. Lakini kuvu hiyo nayo ni kiumbe chenye matakwa ya hali ya hewa. Hustawi zaidi kati ya nyuzi joto 17 na 25 za Selsiasi, na joto likikaribia 30 hudhoofika na kufa. Kwa hiyo chura wa tambarare yenye joto anaweza kuishi nayo bila madhara makubwa, ilhali jamaa yake wa mlimani penye ubaridi na ukungu yuko katika mazingira ambayo ugonjwa unayapenda. Ukame nao una mchango wake: maji yakibaki mahali pachache, vyura hujazana hapo, na kinachoambukiza kwa mguso na kwa maji hupita kwa urahisi.

Kuhusu Monteverde, mwaka 1999 watafiti walitoa hoja kwamba kuongezeka kwa joto kuliinua mawingu juu zaidi ya msitu, siku zisizo na ukungu zikaongezeka, na amfibia wakaporomoka. Mwaka 2010 wengine walisoma kumbukumbu ya unyevu iliyohifadhiwa katika miti ya hapo hapo, wakaona kwamba ukame wa 1986 hadi 1987 ulikuwa mkali kweli, ila ulifungamana zaidi na El Niño, yaani kupata joto kwa maji ya Bahari ya Pasifiki kunakovuruga mvua kila baada ya miaka kadhaa, kuliko na mwelekeo wa muda mrefu wa joto. Wengi siku hizi huona kwamba ukame na kitridi vilikutana. Hilo lingeeleza lile lililonisumbua hapo juu: ukame uliua watoto, na jambo jingine, huenda ugonjwa, likawachukua wakubwa.

Afrika Mashariki ina kisa chake kinachofundisha zaidi kuliko cha Monteverde, kwa kuwa chanzo cha badiliko kinajulikana mpaka tarehe. Chura wa Kihansi alifahamika kwa wanasayansi mwaka 1996, katika korongo la mto Kihansi kwenye mteremko wa milima ya Udzungwa, Tanzania. Ni mdogo mno, jike mkubwa hafiki sentimita tatu, na aliishi ndani ya eneo la takriban hekta mbili tu, ambamo maporomoko ya maji yalirusha manyunyu mchana na usiku, mimea ikalowa mwaka mzima, na joto likabadilika kidogo sana. Hatagi majini. Jike hubeba watoto tumboni na kuwazaa wakiwa vyura kamili, kati ya 5 na 16 kwa uzazi mmoja, kila mmoja akiwa na urefu wa milimita kama tano.

Mtambo wa umeme wa megawati 180 ulipoanza kazi mwaka 2000, karibu asilimia 90 ya maji yalielekezwa kwenye mabomba, na manyunyu yakakatika. Dunia haikuwa imepata joto kwa ghafla, wala mvua ya Udzungwa haikubadilika. Ila kwa chura wa hekta mbili, tabianchi yake yote ilikuwa imeondolewa. Mwisho wa mwaka huo vyura 499 walipelekwa Marekani kulelewa katika bustani za wanyama, na korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji. Idadi ilipanda tena, na katikati ya 2003 ilikadiriwa kufika 20,000 hivi. Kisha ikaporomoka ndani ya miezi michache, na Januari 2004 walionekana watatu tu. Kitridi iligunduliwa huko wakati huo huo, na zipo hoja pia kuhusu matope yenye viuatilifu yaliyofunguliwa kutoka bwawani. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Vyura 100 walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na kuanzia 2012 wengine wakaanza kurudishwa korongoni.

Katika kisa hiki kuna hesabu isiyozungumzwa vya kutosha. Spishi inayozaa watoto kumi haina akiba ya maelfu ya mayai ya kupoteza. Kwa upande mmoja imejikomboa na hatari ya dimbwi kukauka; kwa upande mwingine, inategemea mno wakubwa kubaki hai, na wakubwa hao wanategemea unyevu wa hewa usiokatika. Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, imejaa amfibia wenye maisha ya namna hii. Jamaa wa karibu wa chura wa Kihansi katika milima ya Uluguru na Usambara huzaa pia. Wengine hutaga kwenye udongo au majani yaliyolowa, na mtoto hutoka kwenye yai akiwa chura kamili. Katika vilima vya Taita yupo amfibia asiye na miguu, ambaye mkulima akimchimbua hudhani ni mnyoo mkubwa, na ambaye mama huwalisha watoto kwa tabaka la ngozi ya mwili wake mwenyewe. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayehitaji dimbwi, na wote wanahitaji msitu unaoshika ukungu na udongo usiokauka. Joto likipanda na usawa wa mawingu ukipanda nao, wa chini wanaweza kuhamia juu, ila walio kileleni hawana pa kwenda.

Tambarare ni habari nyingine. Huko vyura wamezoea kubahatisha mvua tangu zamani. Chura wa povu hutundika mayai yake kwenye povu juu ya maji, ambalo hukauka kwa nje na kubaki na unyevu kwa ndani. Chura mkubwa wa mashimo hujizika na kujifunika kwa matabaka ya ngozi yake kuukuu, akasubiri miezi. Kwa anayeishi miaka mingi kama huyo, msimu mmoja wa mvua kushindikana si msiba, kwa kuwa atazaa msimu ujao. Vyura wadogo wa mafunjo huishi muda mfupi zaidi, na kwao kila msimu uliopotea ni sehemu kubwa ya maisha. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindikana katika Pembe ya Afrika, pamoja na kaskazini na mashariki mwa Kenya. Ukame wa namna hiyo hauwapimi hao wawili kwa kipimo kimoja.

Mvua nyingi nayo si heri tupu. El Niño, iliyoleta ukame Costa Rica, kwetu huelekea kuongeza mvua za vuli. Mafuriko husomba mayai na viluwiluwi wa vijitoni, na, jambo linalosahaulika, huunganisha madimbwi na mito. Dimbwi la muda ni malezi mazuri kwa sababu kukauka kwake kila mwaka hulinyima samaki makazi. Mto ukishafurika na kuingiza kambare humo, maji yanaweza kukaa mwaka mzima na kusitoke kiluwiluwi hata mmoja.

Tathmini ya dunia nzima iliyochapishwa mwaka 2023, iliyopitia spishi 8,011, ilikuta asilimia 41 hivi zikiwa hatarini. Miongoni mwa spishi ambazo hali yake ilizidi kuwa mbaya kati ya 2004 na 2022, tabianchi ndiyo iliyotajwa kuwa sababu kuu kwa asilimia 39, ikifuatiwa kwa karibu na upotevu wa makazi. Takwimu hiyo inafaa kusomwa pamoja na uchambuzi wa Amerika Kaskazini, wala si badala yake, kwa sababu sehemu kubwa ya spishi zilizo hatarini ziko katika milima ya nchi za joto, penye maeneo finyu na maisha yaliyofungamana na unyevu, na si katika maziwa ya Montana.

Kinachokwamisha uelewa wetu wa milima hiyo ni aina ya vipimo vinavyochukuliwa. Kuhesabu madume wanaolia usiku mmoja wenye mvua hupima zaidi hamu ya kuzaliana usiku huo kuliko ukubwa wa kundi, na ndivyo inavyowezekana vyura 1,500 kuonekana leo na kumi mwakani bila mtu kujua wangapi wamekufa na wangapi wamejificha. Inahitajika kutambua vyura mmoja mmoja na kuwafuatilia mwaka hadi mwaka, ili ijulikane ni hatua ipi ya maisha inayopungua. Hali ya hewa nayo inahitaji kupimwa pale anapoishi chura, sentimita chache kutoka ardhini na chini ya majani, kwa kuwa chombo cha kawaida cha kupimia mvua hupokea matone yanayoanguka kutoka juu, na ukungu unaonaswa na matawi na majani ya miti, ambao katika misitu kama ya Udzungwa na Taita ni sehemu ya maji ambayo wanyama hawa huyatumia, haumo kabisa katika hesabu hiyo.